Wino Ulionukia Mkaratusi

Meneja alikisogeza kikaratasi chetu puani, akakinusa kama mbwa. "Mkaratusi," akasema. "Haya, toeni mikono."

Tulikuwa tumepangwa ukutani, wafanyakazi wote wa kiwanda cha mbao. Sisi wachache tuliokichapa kwa siri tulipata wino mzito, usiotoka kwenye mashine yetu ya kuchapia ya kuzungusha kwa mkono, nami nikaulegeza kwa mafuta ya mkaratusi. Nilijiona fundi! Harufu sikuifikiria.

Kikaratasi kilidai jambo moja tu: msumeno uliomla mwenzetu vidole ufungwe kinga. Aliyeshikwa na karatasi ya namna hiyo kabla yetu alipakiwa garini, na mama yake anamuulizia hadi leo.

Meneja alinusa kiganja, akanusa kingine. Ncha ya pua yake ilikuwa na jasho. Akasimama kwa Mama Pacha, jirani yangu. Yule mama hakuwahi hata kukigusa kikaratasi.

"Unanukia, mama."

"Ni wanangu, bosi. Wana mafua, nimewachua vifua asubuhi."

"Na hiki kikaratasi nacho kina mafua?"

Wasimamizi wakacheka. Vicheko vile navikumbuka kimoja kimoja.

Mama Pacha hakunitazama. Chupa ile ya mafuta niliiomba kwake, nikamdanganya kifua kinanibana. Sasa alishaelewa.

"Wanangu wanatoka shule mchana," alisema polepole, bila kumlenga mtu.

Meneja akamkamata mkono, akaanza kumvuta kuelekea langoni.

Mikono yangu ilikuwa bado mgongoni.

"Bosi," nikasema, nikiinyoosha mbele yake, "nusa na hii."