Ukingo wa Meza

Nilirusha dadu, nikapata sita, na meli yangu ikavuka ukingo wa meza.

"Imekufa hiyo," alisema dada yangu Nyanchoka.

"Wapi! Inageuka huko nje, inarudi."

Tulifungua daftari la sheria. Baba ndiye aliyebuni mchezo huu wa vita vya angani. Alichonga meli zote kwa jiwe la sabuni, lile laini la kuchongea vinyago, na kuandika sheria kwa mkono wake, kabla ya kwenda kufanya kazi Qatar. Kuhusu ukingo aliandika neno moja tu: "Imetoka." Zamani tungempigia tumuulize. Sasa ni mwaka wa pili simu yake haipatikani.

"Mama, tuamulie."

Mama, ambaye hakuwahi kuujali mchezo wetu, aliacha kuchambua maharagwe. Aliiokota meli, akapitisha kidole gumba kwenye bawa ambalo Baba hakumaliza kulilainisha. Alikaa hivyo mpaka mvua ikaacha kupiga mabati.

Akaomba kalamu. Chini ya mwandiko wa Baba akaandika: "Haingojwi."

Kisha akavaa gambuti za Baba, zile ambazo Mama alikuwa akiziosha kila Ijumaa na kutukataza kuzigusa, akatoka kwenda kuchuma chai.