Sauti Isiyo na Kosa

"Waongo hawa!" Anatoli alisema, akaikata sauti kabla haijamaliza.

Mkewe, Eustakia, aliacha kumenya ndizi. "Lakini ni mama."

"Ni mashine."

Aliurudia ujumbe ili mkewe asikie vizuri. Sauti ilikuwa ya mama yake aliyeko kijijini Keza, imechoka, inatamka polepole: "Anatoli mwanangu, nimelala tu, siwezi kula. Njoo unipeleke hospitali." Namba ilikuwa ngeni.

Anatoli alikuwa wakala wa forodha pale Rusumo, na hakuna aliyechukia vitu vya akili bandia kama yeye. Hata injini ya kutafutia kwenye simu alishaibadilisha, akaweka nyingine inayochuja maandishi na picha za mashine. Mwezi uliopita wakala mwenzake aliitwa kwenye simu na sauti ya mkewe, akakimbia, akanyang'anywa pikipiki njiani. Mkewe alikuwa nyumbani anafua.

"Kitu kisicho na kosa hata moja, hiyo ni mashine," alisema. "Mama ameweza lini kusema Anatoli? Mimi kwake ni Anatori. Angesema nimerara, siwezi kura. Wezi hawa hawatujui sisi Wahangaza!"

Eustakia hakucheka. Alikumbuka Pasaka, mama mkwe alipoita mbele ya mawakala, "Anatori, njoo ure!" wakacheka mpaka machozi. Alikumbuka Anatoli alivyomfuata mama jikoni na kufunga mlango ili amfokee. Mama alipotoka alimfunika shuka binti yao Kezia, aliyekuwa amesinzia, akawaachia ndizi zote alizowaletea, akaenda. Tangu siku hiyo hakupiga simu.

"Mpigie basi kwenye namba yake."

Alipiga. Haikupatikana.

"Umeona?"

"Twende tu, baba Kezia."

"Twende tukaporwe? Wewe menya ndizi zako."

Namba ile ngeni ikaita. Anatoli hakuipokea. Aliifungia, isiweze kumpigia tena.

Kesho yake mchana pikipiki ilisimama mlangoni. Alishuka Nshoma, jirani wa mama, mwalimu mstaafu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amebeba kitenge cha mama, kimefuliwa na kukunjwa.

"Shikamoo, mwalimu."

Nshoma alimpita. Alimpa Eustakia kitenge, akamshika bega, akampa pole ya msiba. Ndipo akamgeukia Anatoli.

"Ile namba ilikuwa yangu. Simu yake haikuwa na chaji."

"Mwalimu, ile sauti ilisema Anatoli! Mama hajawahi, tangu nizaliwe..."

"Tangu Pasaka alikuja kwangu kila jioni," Nshoma alisema, "nimfundishe kulitamka jina lako."