Uchungu wa Bi Mwanahawa

Tangu vyombo vya nyumbani viamriwe kuripoti uchungu wa wenye nyumba, Bi Mwanahawa alikuwa akichunga sana ulimi wake. Lakini asubuhi ile kahawa ilimshinda.

"Uchungu gani huu!" aliifokea mashine yake ya espreso. "Siuwezi!"

Robo saa baadaye mfariji wa mtaa, Bwana Shekue, alipiga hodi na leso safi mkononi.

"Pole, mama. Tumeambiwa una uchungu."

"Mimi? Kahawa ndiyo chungu, baba!" Alicheka mpaka mtandio ukamwanguka.

Shekue naye akacheka, akaikagua mashine. Kahawa ilisagwa laini kama wanja, maji yakawa yanapita kwa kujivuta na kubeba uchungu wote. Akalegeza kidogo kinu cha kusagia, ili isagike chengachenga. Vikombe viwili vikajaa, kama kila siku: kimoja cha Bi Mwanahawa, kimoja cha marehemu mumewe, ambacho huishia kumwagwa kwenye mche wa mrehani.

"Uchungu umekwisha?"

"Umekwisha kabisa, mwanangu!"

Shekue akabonyeza simu yake kuripoti hivyo, akaaga.

Kesho yake mashine ilijaza kikombe kimoja tu.

"Na cha pili?"

"Kikombe cha marehemu ni cha wenye uchungu," mashine ilijibu kwa upole. "Wako umekwisha. Hongera."

Bi Mwanahawa alikitazama kikombe kitupu. Kisha akakikaza kinu mpaka mwisho, akatengeneza kahawa upya, akaonja, akakunja uso.

"Uchungu ninao," alitamka polepole, ili mashine isikie vizuri. "Tena mwingi."

Kikombe cha pili kikaanza kujaa.