Mgongoni kwa Chuma

Mchana kweupe Chuma aliingia uani, amembeba mdogo wake mgongoni kama gunia la mkaa. Mama yao akaangusha ufagio.

"Kanywa nini huyu?"

"Chupa moja, mama. Moja tu!" Chuma alicheka. "Kamtapikia bwana harusi viatu."

"Na wewe?"

"Mimi? Zangu sita. Hebu niangalie." Akasimama kwa mguu mmoja kama korongo, wala hakutikisika. Kwani jina la Chuma alipewa bure?

Mama hakucheka. Pombe ilimmaliza mumewe. Alimzika macho yamekuwa manjano kama bizari, tumbo limejaa maji. Daktari alimwambia wazi: ulevi nao hutembea na damu, humshika huyu wa tumbo moja, ukamwacha yule. Tangu siku hiyo mama hakukalia kiti kikapata joto. Alinusa vikombe. Alipekua mito. Wanawe wakipiga miayo, alisogea awanuse. Swali lilikuwa moja tu: ni yupi?

Sasa alikuwa amejibiwa. Ni Kifaranga, huyu mdogo, aliyelala mkekani na kitambaa kibichi kichwani.

Na balaa lenyewe, wiki hiyo hiyo Kifaranga alikuwa ameitwa kazini, kutunza ghala la bia.

"Huendi," mama alisema. "Fisi hakabidhiwi bucha."

"Mama, mimi hata harufu yake siitaki tena."

"Baba yako aliapa hivyo hivyo kila Jumatatu. Ataenda kaka yako."

Akaenda mwenyewe kwa meneja, kanga begani, akabembeleza mpaka jina likabadilishwa. Chuma akakabidhiwa funguo za ghala. Kifaranga alinuna, akarudi kuchomelea mageti. Mama hakujali, mtoto akililia wembe, utampa?

Wifi yake, dada wa marehemu, alipokuja kuwajulia hali, alimkuta mama amekaa. Amekaa kabisa, miguu ameinyoosha, anapepeta mchele huku akiimba.

"Leo umetulia, wifi! Kuna nini?"

"Nimemjua mgonjwa wangu, wifi. Ni yule mdogo. Chupa moja tu chali, kalala mpaka kesho yake! Lakini huyu mkubwa kachukua damu ya kwetu. Kanywa sita, wifi, sita! Hakuyumba, na akambeba mwenzake mgongoni mpaka hapa. Huyo hata ukimlaza ghalani, sina wasiwasi."

Wifi hakucheka. Aliweka kikombe chini, taratibu, chai ikiwa haijaguswa.

"Marehemu kaka yangu, ujana wake wote, hakuna aliyewahi kumwona amelewa," alisema. "Yeye ndiye aliyekuwa akiwabeba wenzake."