Aliyebeba Vita vya Lutengano

"Mwambie aondoke, mama. Analipwa kubeba," Lutengano alisema, mdomo umejaa ugali.

"Usiniamrishe nyumbani kwangu. Mtu analia getini tangu asubuhi."

"Si ndiyo kazi yake?"

Siku hizi askari akirudi kutoka vitani, kumbukumbu zake zote za vita huhamishiwa kichwani mwa mshauri wa hospitali, naye askari akalala usingizi mnono. Mwanangu alirudi mcheshi, ananenepa. Vita vyake alipewa kijana mmoja, Pendaeli, niliyemwona mara moja tu, siku ya matibabu.

"Mama," Pendaeli aliita kutoka nje. "Mwaleji amenifia mikononi. Nilimwomba Mungu nikuone tena."

Nilimgeukia mwanangu. "Mwaleji ni nani?"

"Simjui."

"Na mimi je? Kule vitani ulinikumbuka hata siku moja?"

Alifikiri kwa dhati. "Sina hakika, mama. Labda hayo nayo yalikwenda na mengine. Niongezee mboga."

Nilinawa mikono, nikaenda kufungua geti.

"Ingia, mwanangu," nilimwambia Pendaeli.

Nyuma yangu, Lutengano alijipakulia mboga mwenyewe.