Herufi za Yumna

Kompyuta mpakato waliyoimudu pale dukani ilikuwa na kila kitu ila herufi. Mmiliki wa kwanza aliichapia mpaka herufi zikafutika, vitufe vikabaki vyeusi tii, na Yumna, aliyekuwa anaanza chuo wiki ijayo, bado alikuwa anaandika kwa kidole kimoja huku akitafuta herufi.

"Mama, tuiache tu. Watanicheka chuoni."

Bi Mwanahawa, mpambaji wa maharusi, alifungua mkoba wake. Alilipa, kisha akamgeukia muuzaji.

"Mwanangu, ile kompyuta ya bei mbaya hebu ifungue uiweke hapa pembeni, nigezee herufi zake."

Akatoa mkobani rangi nyeupe ya kucha na kijiti chake cha kuchorea piko mikononi mwa maharusi, akainama. Herufi zilishuka moja moja, kila moja na mkia mwembamba kama kikonyo cha ua. Alipofika kwenye Y, mkono ukakataa kuishia hapo. Akaizungushia majani mawili madogo.

"Hiyo yako," alisema. "Sasa usiguse kitu mpaka ikauke."

Wakatoka nayo ikiwa wazi. Yumna aliibeba mbele yake kwa mikono miwili, polepole, na mama yake akawa anapuliza huku wanatembea, kama anavyowapulizia maharusi viganja. Watu wakawapisha. Ng'ambo ya barabara mwanamke mmoja asiyewajua aliutazama ule mwendo wa biharusi, akaweka chini kapu lake, akapiga kigelegele.