Mshale wa Chaki

Chini ya sakafu ya kila nyumba kuna utando mwembamba unaopitisha umeme upande mmoja tu. Utando wenyewe ndio huchagua upande huo siku unapowashwa, na sheria inataka kila kitanda kiufuate. Kikikaa mkingamo, king'ora hulia. Mume wa Mwanaidi aliwahi kukipuuza akasinzia. Aliamka hamjui mkewe, na hadi leo anamwita shemeji.

Kwa hiyo king'ora kilipolia mara ya tatu wiki hiyo, Mwanaidi alimwita fundi Kombo. Alimpokea akiwa amempakata mtoto, ambaye siku hiyo alikuwa ametimiza siku arobaini na hajawahi kutolewa nje.

"Utando ukishachagua haugeuki, dada. Umehamisha kitanda."

"Nilihamisha cha mtoto tu."

Kombo alipiga magoti, akapima, akachora mshale kwa chaki. Ulielekea kwa Mwanaidi.

"Hebu sogea dirishani."

Mwanaidi alisogea na mtoto wake, Kombo akapima tena. Mshale wa pili ulielekea dirishani. Kombo aliinua macho, akamtazama mtoto.

"Mtoe nje huyo mtoto," alisema kwa sauti ya chini.

Mwanaidi alitoka, akatembea hatua chache. King'ora kikalia kwa jirani, kitanda kikaburutwa. Kisha nyumba ya pili, kisha ya tatu. Aliposimama, ving'ora vyote vikanyamaza.

Mtoto akageuza kichwa taratibu, akatazama mtaa wa ng'ambo. Huko nako ving'ora vikaanza kulia.